Majibu kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo: Maji ya Ziwa, Umeme na Furu wa Miambani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, na karibu zote zinahusu samaki wa mapambo wanaofugwa katika matangi ya vioo nyumbani. Tumechagua maswali saba. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu maisha ya samaki yanategemea jibu lake, na mengine yamejibiwa kwa maneno machache yanayotosha.

Swali: Ndugu mshauri, nilinunua tangi la lita 60 pamoja na samaki kumi siku hiyohiyo. Nililijaza maji ya bomba, nikaweka changarawe na kichujio, na maji yalikuwa maangavu kabisa. Kabla wiki haijaisha samaki saba walikuwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, wakihema juu ya maji. Muuzaji anasema walikuwa wagonjwa tangu walikotoka. Je, ni kweli? — *Msomaji, Nyegezi*

Jibu: Ndugu yangu wa Nyegezi, pole kwa hasara hiyo. Samaki waliokuwa wazima dukani, kisha wakaanza kufa mmoja mmoja katika tangi jipya huku wakihema juu ya maji, mara nyingi hawakuugua. Kilichowaua ni maji yenyewe, na uangavu wa maji hauonyeshi sumu iliyomo.

Jambo la kwanza ni klorini. Maji ya bomba ya jiji la Mwanza huvutwa ziwani, husafishwa katika mitambo kama ule wa Capri Point na hutiwa klorini ili yasitudhuru sisi tunaoyanywa. Kiasi hicho kisichomdhuru binadamu huunguza matamvua ya samaki, yaani mashavu anayopumulia. Chota maji katika ndoo yenye mdomo mpana, uiache wazi kwa saa 24, na ukitumbukiza mrija wa pampu ya hewa ndani yake klorini itatoka upesi zaidi. Maji yaliyokaa ndani ya simtanki lililofunikwa usiyahesabu kuwa yamepumzika. Ipo pia dawa ya kuondoa klorini, ambayo kwa kawaida ni sodiamu thiosulfeti, na hiyo hufanya kazi kwa dakika chache.

Jambo la pili ndilo kubwa, na ndilo ambalo muuzaji alipaswa kukueleza kabla hajapokea fedha zako. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake, kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki pamoja na kinyesi huoza na kuongeza amonia hiyo. Ziwani amonia hupotea katika wingi wa maji, lakini ndani ya lita 60 haina pa kwenda. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki isibebe oksijeni, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia mpaka utakapoipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei majini. Hushikamana na sponji ya kichujio, changarawe na mawe, na huhitaji oksijeni usiku na mchana. Siku unapojaza tangi jipya hawapo, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka mpaka waweze kuibeba kazi hiyo. Samaki wako kumi waliingia siku ya kwanza, na hapakuwa na chochote cha kuwaondolea sumu waliyokuwa wakiitoa wenyewe.

Kwetu hapa jambo hili linahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu ukali wa amonia huongezeka kadiri joto la maji linavyopanda na kadiri pH, yaani kipimo kinachoonyesha kama maji yana uchachu (chini ya 7) au hayana (juu ya 7), inavyozidi 7. Maji ya ziwa letu mara nyingi huwa na pH ya juu ya 7, na tangi lililoko sebuleni Mwanza huwa na joto la kutosha muda wote wa mwaka. Amonia ambayo samaki angeistahimili katika maji baridi yenye uchachu huweza kumuua katika maji yetu.

Kwa hao watatu waliobaki, badilisha theluthi moja ya maji kila siku kwa wiki mbili za mwanzo ukitumia maji yaliyopumzishwa, walishe kidogo sana siku moja na kuiacha siku inayofuata, na usiongeze samaki yeyote. Ukipata kifaa cha kupimia amonia na nitriti, kinunue kabla ya pambo lolote, kwani ndicho kitakachokuonyesha siku ambayo vyote viwili vimefika sifuri na kubaki hapo. Kama una jirani mwenye tangi la muda mrefu ambalo samaki wake ni wazima, mwombe kipande cha sponji ya kichujio chake, ukibebe kikiwa kimelowa na ukiweke ndani ya kichujio chako. Pamoja na kipande hicho utapokea bakteria wenyewe, na kungoja kutapungua sana. Tangi likishakomaa, badilisha robo ya maji kila wiki. Sponji usiioshe kwa maji ya bomba hata siku moja. Ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi.

Swali: Shikamoo mshauri. Mume wangu ametutengenezea tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40. Mtoto mmoja anataka samaki wa dhahabu, mwingine anataka gapi, na baba yao anasema atatuletea vifaranga vya sato kutoka bwawani ili vikue humo. Je, wote wanaweza kukaa pamoja? — *Mama wa watoto wawili, Buzuruga*

Jibu: Marahaba, mama. Tangi lako linabeba lita 112 likijaa hadi ukingoni, na kwa sababu changarawe na mawe huchukua nafasi, lihesabu kuwa la lita 95 hivi. Hakikisheni meza inayolibeba ni imara na haipepesuki, kwani maji, vioo na mawe kwa pamoja vitazidi kilo 120.

Sato hafai humo. Akiwa kifaranga anapendeza, lakini ni samaki anayeweza kuzidi nusu mita, hufukua changarawe, hung'oa mimea, huwatimua wenzake na humla kila anayeingia mdomoni mwake. Bwawani ndiko kwake. Samaki wa dhahabu naye, ingawa huuzwa akiwa mdogo, hutokana na samaki wa maji baridi ya Asia ya Mashariki, hukua zaidi ya urefu wa kiganja, hula sana na huchafua maji kuliko wengi wa ukubwa wake. Anayempenda amtengee tangi lake kubwa asilolichangia na samaki wa joto.

Ninachokushauri ni kuchagua samaki wadogo wapole wanaopenda maji ya namna moja. Hapo tuna bahati ambayo wengi hawaifahamu: maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana madini machache yaliyoyeyuka, tofauti kabisa na maji ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo samaki wa Amerika ya Kusini na Asia waliozoea maji laini hukaa vizuri katika maji yetu, ilhali moli, ambaye hupenda maji yenye madini na hata chumvi kidogo, mara nyingi hudhoofika. Kwa tangi lako, kundi la neoni kumi, korido sita wa kutembea chini na gurami wadogo wawili, dume na jike, litawatosha watoto kwa kuangalia na halitayachosha maji. Neoni na korido ni samaki wa makundi. Ukimweka mmoja au wawili hujificha na kukosa raha. Mtoto anayetaka gapi anaweza kupata madume watano badala ya gurami, lakini nasisitiza madume peke yake, kwa sababu jike mmoja huzaa vifaranga kila baada ya wiki nne hivi, na baada ya miezi michache hamtajua pa kuwaweka.

Wauzaji watakuonyesha pia enjeli, ambaye ni mzuri mno, ila akikua huwala neoni. Beta dume mmoja hukaa peke yake, na madume wawili hupigana hadi mmoja afe. Ingizeni samaki kwa awamu, kundi moja kwanza, kisha mngoje wiki mbili kabla ya jingine.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na ninaishi Mkolani. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi ninakuta samaki wanahema juu. Nifanye nini na sina jenereta? — *Mwanafunzi, Mkolani*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeme unapokatika samaki hukosa hewa kwanza. Njaa haina hatari, kwani samaki mkubwa mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula. Kwa hiyo usiwalishe wakati umeme haupo, kwa sababu chakula kinachooza hula oksijeni ileile wanayoihitaji. Chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamwage tena kutoka juu kidogo, mara ishirini au thelathini, na urudie kila baada ya saa moja au mbili kabla ya kulala. Fungua kifuniko. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri haina gharama kubwa, na itakufaa kuliko hita, ambayo kwa joto la Mwanza wengi wetu hatuihitaji.

Kumbuka kwamba bakteria walioko ndani ya kichujio nao wanahema. Kichujio cha boksi kilichofungwa, kikikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake huanza kufa na maji yaliyobaki ndani huoza. Umeme ukirudi, yamwage maji hayo na uisuuze sponji katika maji ya tangi kabla hujakiwasha. Kwa mazingira yetu napendelea kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, kwa sababu kiko wazi ndani ya tangi na hustahimili kukatika kwa umeme vizuri zaidi. Punguza pia idadi ya samaki. Tangi lenye samaki wachache hupita usiku mzima salama pale ambapo lililojaa haliwezi.

Swali: Samaki wangu wana madoa meupe kama chembe za chumvi na wanajisugua kwenye mawe. — *Msomaji, Ilemela*

Jibu: Huo ni ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Kikiwa ndani ya ngozi ya samaki dawa haikifikii. Hufikiwa kinapoelea majini kutafuta samaki mwingine, na ndiyo sababu tiba haikatizwi madoa yanapotoweka. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 29 au 30 ukiongeza hewa, tia chumvi isiyo na madini joto kiasi cha gramu moja hadi mbili kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza pembeni, na uendelee kwa siku kumi hadi kumi na nne. Kama una korido au mimea laini, chumvi itawaumiza. Tumia dawa ya dukani kwa nusu ya kipimo. Samaki mpya akae wiki tatu katika chombo cha pembeni kabla ya kujiunga na wenzake.

Swali: Ninakaa karibu na ziwa. Kwa nini ninunue mchanga, mawe na mimea wakati vyote vipo ufukweni? Naweza pia kuchota maji ya ziwa moja kwa moja? — *Msomaji, Igombe*

Jibu: Mawe unaweza kuyachukua bila wasiwasi. Miamba ya Mwanza ni ya matale, jiwe lisiloyeyusha chokaa, hivyo halibadilishi maji; lisugue, ulichemshie maji ya moto na uliache likauke. Jiwe usilolifahamu lidondoshee siki, na likitoa povu ujue lina chokaa. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke safi, na uondoe vipande vya makome, kwa kuwa magamba hayo hupandisha pH.

Maji na mimea ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa ajili ya afya yako wewe na watoto kuliko ya samaki. Mwambao wetu una kichocho. Minyoo yake hukua ndani ya konokono wadogo wa majini, hutoka na kuogelea, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini hata kama hana kidonda. Kung'oa mimea ukiwa umezama magotini, hasa penye matete na maji yaliyotulia, ni kujiweka katika njia yao. Kuchota ndoo ya maji na kuingiza mikono ndani yake papo hapo kuna hatari hiyohiyo. Viluwiluwi vya kichocho visivyompata mtu hufa ndani ya siku mbili, kwa hiyo maji yaliyokaa saa 48 bila konokono ndani yake hayawezi tena kuambukiza. Lakini konokono mmoja aliyejificha chini ya jani ataendelea kutoa vingine ndani ya tangi lako, sebuleni kwako.

Kwa sababu hiyo ninashauri maji ya bomba yaliyopumzishwa, na mimea iliyokuzwa katika matangi ya wafugaji wengine. Kama umeshaingiza mimea ya ziwani, itoe ukiwa umevaa glavu za mpira, na kama umekuwa ukiingia majini mara kwa mara nenda kapimwe kichocho kituo cha afya. Dawa yake ipo na inatibu.

Swali: Babu yangu alikuwa mvuvi, na alisema zamani furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wa kila rangi. Ninaona picha za furu wekundu wakifugwa Ulaya. Je, sisi tulio hapa hatuwezi kuwafuga? — *Msomaji, Kirumba*

Jibu: Ndugu yangu wa Kirumba, swali lako nimelipokea kwa furaha kubwa, kwa sababu inaniuma kuona matangi ya Mwanza yamejaa samaki wa Amazoni huku watoto wetu hawajawahi kumwona furu hai karibu na macho yao.

Babu yako alisema kweli. Ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, na karibu wote hawapatikani nje ya ziwa hili na maziwa madogo ya jirani zake. Wapo waliokula mwani juu ya miamba, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliokula dagaa, na hata walioishi kwa kunyonya mayai na vifaranga kutoka midomoni mwa majike wa aina nyingine. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi huku furu wakitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, waliyashuhudia mabadiliko hayo mbele ya macho yao: aina walizozipata kila siku kwenye nyavu ziliacha kuonekana. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilipotea.

Walioponea zaidi ni furu wa miambani, kwa kuwa mianya ya mawe iliwaficha. Mmoja wao ni yule uliyemwona pichani, Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere; dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Yeye na ndugu yake wa buluu, Pundamilia pundamilia, huishi kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza, na majike huchagua madume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yanapochafuka rangi hazionekani vyema, majike hushindwa kutofautisha, na aina mbili huanza kuchanganyika kuwa moja. Samaki hawa wanaumizwa na matope na taka tunazoziachia ziendelee kuingia ziwani, hata pale ambapo hakuna nyavu wala sangara.

Kuwafuga kunawezekana, na maji yetu ndiyo yao. Wanahitaji tangi la lita 200 au zaidi, mawe yaliyopangwa kutoka chini hadi karibu na uso wa maji ili mnyonge apate pa kukimbilia, na dume mmoja kwa majike watano au sita. Mawe yakalie kioo cha chini kabla ya mchanga kumwagwa, kwa sababu wakifukua chini yake yataanguka. Usiwachanganye na gapi wala neoni, maana watawala, na usiweke nyererei na pundamilia katika tangi moja, kwa sababu watazaliana na kizazi chake hakitakuwa cha huyu wala cha yule. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa takriban wiki tatu bila kula vya kutosha. Ukimwona kidevu kimevimba na anakataa chakula, mwache atulie.

Usitege samaki hawa kwa kificho. Nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa eneo lako uulize taratibu za kukamata samaki wa mapambo, na watafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) walioko hapa Mwanza wanaweza kukusaidia kumtambua uliyenaye, kwani majike wa aina nyingi hufanana mno. Chukua wachache wa aina moja kutoka mahali pamoja, andika mahali hapo, na uwazalishe ili jirani yako apate kwako badala ya kurudi ziwani.

Swali: Ninahamia Dodoma mwezi ujao na nina tangi la gapi, gurami na mimea. Je, si vyema niwaachie huru ziwani? — *Msomaji, Pasiansi*

Jibu: Tafadhali, usifanye hivyo. Nia yako ni njema, lakini samaki wa duka anaweza kubeba vimelea ambavyo samaki wa ziwani hawajawahi kuvizoea, na akizaliana hakuna atakayeweza kumtoa tena. Magugu maji yanayoziba mialo yetu ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani na watu kwa ajili ya maua yake, na tangu yalipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wanayalipia hadi leo. Mimea yako ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uichome. Maji ya tangi yamwagie mchicha bustanini. Yana nitrati na yatauneemesha, na usiyaelekeze kwenye mfereji unaokwenda ziwani.

Samaki wenyewe wape wafugaji wengine, au shule yenye tangi. Ukitaka kwenda nao, usiwalishe siku moja kabla ya safari, wafunge katika mifuko imara miwili miwili, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, na uiweke mifuko ndani ya boksi lenye kifuniko ili wakae gizani na joto lisipande. Sponji ya kichujio isafiri ndani ya chombo chenye maji kidogo ya tangi, bila kufunikwa kwa kubana. Maji ya Dodoma yana madini mengi kuliko haya, kwa hiyo ukifika usiwamimine mara moja. Waweke katika ndoo pamoja na maji waliyosafiri nayo, na uongeze kikombe cha maji mapya kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa mbili, kisha uwahamishe kwa wavu mdogo.